Kutembea Pasipo Mwenyeji

Pale Nyakanazi, ambako nina mgahawa na nyumba ya wageni, sijawahi kumwona mtu anayesafiri kwa kupenda. Dereva wa lori anasafiri kwa sababu mzigo unasubiriwa Kigali au Bujumbura. Mama anayeshuka kwenye basi la Kigoma na mtoto mgongoni anakwenda hospitali, au anatoka msibani, au amefukuzwa kwa mume. Nimewapikia watu wa njiani kwa muda mrefu kiasi kwamba nikimwona mtu amejiinamia mbele ya sahani ya ndizi na maharage naweza kukisia kinachompeleka anakokwenda. Aliyesema kusafiri ni starehe hajawahi kulala kwangu chumba cha upande wa barabarani.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwenye simu niende Australia nikafurahie mazingira, nilicheka mpaka wateja wakageuka. Mimi ni mzaliwa wa Ngara. Mazingira ya Ngara nimeyapanda na kuyashuka na ndoo ya maji kichwani tangu utoto, na sikumbuki siku niliyosimama katikati ya kilima kuyafurahia. Lakini nilikubali kwenda, kwa sababu nilikuwa na langu moyoni.

Langu lilikuwa hili. Binti yangu alikwenda kule kusomea uuguzi, na aliondoka akiahidi kurudi. Akamaliza, akaajiriwa katika hospitali ya mji mdogo wa huko bara, kwenye ngano na kondoo, akaolewa na mwalimu wa hukohuko. Baba yake, kabla hajafariki, alikuwa amemkatia kipande cha shamba letu la Ngara, akapanda minyaa kuonyesha mpaka, akasema hapa ni pake siku akirudi. Kipande kile kimekaa hivyo hivyo. Kila msimu napanda maharage ili kisiwe pori, lakini hakuna aliyethubutu kujenga pale wala kukigawa.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyenisindikiza stendi. Shemeji huyo kwake l na r ni ndugu wa tumbo moja, na si mtu wa maneno mengi. Aliniwekea mzigo kwenye buti la basi, akafuta mikono, akasema, "Shemeji, muurize anarudi rini. Kwenye simu mtu anajibu anavyotaka. Usoni hawezi."

Nilibeba maharage, karanga, asali na vitenge vya zawadi. Kwenye uwanja wa ndege wa kule walichukua vyakula vyote, kwa adabu kubwa, wakisema wanaogopa wadudu, wakaniachia vitenge. Nikajiuliza ni nchi gani hii inayoogopa maharage. Binti yangu alikuwa nje akinisubiri na mumewe. Alipiga goti palepale sakafuni, watu wakipita na masanduku yao, akasema shikamoo mama, nami nikamwinua nikalia kama mtoto. Mkwe wangu naye alikuwa amejifunza shikamoo. Tatizo hakuna aliyemwambia kwamba inatosha mara moja kwa siku. Kwa muda wote niliokaa kwao aliniamkia kila tulipokutana ukumbini, jikoni na mlangoni, na mimi, mtu mzima niliyelelewa, nisingeweza kukataa kuitikia marahaba.

Tulisafiri kwa gari kutwa nzima kufika kwao. Barabara imenyooka, mashamba yamekauka rangi ya chai ya maziwa, uzio wa waya unakwenda mpaka macho yanachoka. Kila baada ya kitambo kirefu lilitokea gari mbele yetu, na kila lilipotupita mkwe wangu aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na dereva wa lile gari naye akainua chake. Nilidhani ni ishara ya trafiki mbele, kama wanavyofanya madereva wetu. Binti yangu akaniambia ni salamu. Kidole kimoja! Mimi ninakotoka, salamu inaanzia kwako inakwenda kwa watoto, inapita kwa mgonjwa wenu, inamalizikia kwenye mvua. Niliwaonea huruma kidogo. Baadaye nilipoona umbali ulioko kati ya nyumba na nyumba, nilianza kuelewa kwamba mtu ambaye amekaa asubuhi nzima bila kuona mtu mwingine, kidole kimoja kwake ni kingi.

Siku chache baada ya kufika, binti yangu aliniambia, "Mama, kesho twende tukatembee."

Hapa sharti nieleze. Nyumbani kwa wazazi wangu tulizungumza Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shule na sokoni. Binti yangu alikulia Nyakanazi, penye watu wa kila lugha, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichozungumza mimi na yeye tangu akiwa mdogo. Na katika Kiswahili chetu kile, mtu akikwambia twende tukatembee anamaanisha twende kwa mtu. Ukisema fulani amekwenda kutembea, swali linalofuata ni: kwa nani? Huwezi kwenda kutembea kwa mti.

Basi nikajiandaa kama mtu anayekwenda kwa watu. Nikavaa gauni la kitenge lililoshonwa na kilemba chake, nikavaa viatu vya kanisani, nikakunja kitenge kipya nikakitia kwenye mfuko, maana huingii kwa mtu mikono mitupu. Binti yangu alipotoka chumbani amevaa suruali na mabuti alinitazama, akataka kusema neno, akaliacha. Nilidhani wivu.

Tuliacha gari mahali pasipo na nyumba, tukashika kinjia. Nikasema kimoyomoyo, hawa wenyeji wetu wanakaa ndani sana. Miti niliijua mara moja, kwa harufu kabla ya macho. Mikaratusi. Hii hii tunayoipanda Ngara kwa nguzo na kuni, ambayo bwana misitu anatukataza kuipanda karibu na chemchemi kwa kuwa inakunywa maji. Ila kwetu inasimama mistarini kama wanafunzi wa paredi, na haijawahi kuzeeka, kwani ikifika unene wa nguzo tu inakatwa. Kule niliiona imezeeka, mashina ambayo watu watatu hawayazungushii mikono, magome yananing'inia kama nguo za kufulia. Nikamwambia binti yangu kwamba mwenye msitu huu ni tajiri.

"Hauna mwenyewe, mama. Hapa ndipo asili yake," akasema. "Kule kwetu ililetwa tu, ikakubali udongo."

Tulikwenda, tukapanda, tukashuka. Kangaruu walisimama kwenye majani wakatutazama kama wazee wa baraza wanaosubiri maelezo. Visigino vya viatu vyangu vilizama kwenye mchanga. Hatimaye tukafika kwenye mwamba mkubwa, chini yake bonde lote limelala wazi, na mkwe wangu akatoa chupa ya chai, akamimina. Nikanywa, nikatengeneza kilemba, nikashika mfuko wangu nikiwa tayari. Wao wakainuka, wakapiga picha, wakageuka kurudi tulikotoka.

Nikauliza, "Na wenyewe?"

"Wenyewe gani, mama?"

"Tuliokuja kuwatembelea."

Binti yangu alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Mumewe alipotafsiriwa hakucheka. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akaona mfuko, na nadhani ndipo alipoelewa nimebeba nini, kwa sababu kilichomjia mdomoni kilikuwa shikamoo. Nikaitikia. Nikarudi na kitenge changu kwapani kama mtu aliyekwenda harusini akakosea siku.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Si kwa sababu nilichekwa. Nilikasirika kwa kuwa nilisikia neno langu mwenyewe mdomoni mwa mwanangu na halikuwa langu tena. Alikuwa amelichukua neno la Kiingereza la kwenda kwa miguu akalivika kanga ya Kiswahili, na hakujua kwamba amefanya hivyo. Njiani kurudi niliona kuni zimelala chini, kavu, nzuri, hakuna aliyeziokota, nikasema walau nisirudi bure. Nikafunga mzigo kwa kilemba changu, nikajitwika. Karibu na gari binti yangu akaniambia, kwa upole, kwamba hairuhusiwi kuziondoa. Zinaachwa kwa ajili ya wadudu na ndege. Nikazitua. Nchi inachukua maharage ya mtu kwa kuogopa wadudu, kisha inawawekea wadudu kuni.

Baadaye wakanipeleka kulala nje. Ndivyo alivyosema, twende tukalale nje, kando ya mto, kwenye hema. Nikamwambia kwetu anayelala nje ni mlevi, au mke aliyefungiwa mlango. Na kuna wengine ambao sikuwataja. Wale wakimbizi waliovuka mpaka wakaja Ngara nilipokuwa msichana, waliolala chini ya maturubai kilima kizima, nimewaona kwa macho yangu. Mama yangu alikuwa akitutuma kuwapelekea viazi. Sikumbuki hata mmoja aliyekuwa akifurahia mazingira. Kwa hiyo nilipomwona mkwe wangu anagonga vigingi vya hema huku anapiga mluzi, nilikwenda kusimama kando ya maji mpaka amalize.

Kulikuwa na jambo lingine. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hakai akanitazama nikitafuna, wala mimi yeye. Nyumbani kwao nilikuwa nikila jikoni kwa kisingizio kwamba ninapenda jua la pale. Porini hakuna jiko. Kuna moto mmoja na viti vitatu vya kukunja, na mkwe mwenyewe ndiye mpishi. Aliponiletea sahani ya nyama kwa mikono yake miwili, nilipokea, nikageuza kiti changu nikawapa mgongo, nikala nikiangalia mikaratusi.

Nikamsikia binti yangu anamweleza kwa sauti ya chini. Kisha nikasikia miguu ya kiti inaburutwa. Nilipochungulia, mkwe wangu naye alikuwa amegeuza kiti chake, amenipa mgongo, sahani mapajani, anakula akitazama mto. Binti yangu yuko katikati peke yake na moto. Kuanzia hapo, kila mlo wa safari ile, yule mtu alifika na sahani yake akageuza kiti kabla sijageuza changu, na hakulifanya kuwa jambo la kuzungumzwa. Nilimpenda siku ile. Nimeona wakwe waliozaliwa kilima kimoja nasi ambao hawawezi hivyo.

Na nikafurahi, ndiyo. Sijui niliandike vipi jambo hili watu wa Nyakanazi wasinicheke. Asubuhi iliyofuata nilitoka kwenye hema kukiwa na ukungu juu ya maji na baridi ya kwetu kabisa, baridi ya Ngara ya mwezi wa saba. Ndege mmoja alikuwa juu ya mti anacheka, si kuimba, kucheka kama mlevi aliyekumbuka jambo. Kasuku weupe walipita kwa kundi wakigombana. Nilikaa kwenye kiti changu na blanketi na nikagundua kwamba hakuna mtu anayenisubiri nimpikie, hakuna anayeondoka, hakuna honi. Sikuwa nimeketi hivyo tangu mume wangu alipofariki, na pengine hata kabla ya hapo. Moyo ulitulia kabisa, na nikajua kwa nini watu wanaendesha gari kutwa nzima kutafuta kitu kile.

Binti yangu alikuwa ameshaamka. Alikuwa mtoni, suruali ameikunja, anapita pembezoni kwenye maji ya kina kifupi bila viatu, anainama, anaokota kijiwe, anakitupa. Hakujua namwona. Nilimwona baba yake. Marehemu alikuwa na namna yake ya kuingia kwenye migomba asubuhi, mikono nyuma, hana haraka, anagusa jani hili, anaangalia mkungu ule, mtu aliye kwake. Binti yangu alitembea vile. Kwenye mto wa watu.

Alipotoka majini akaja kukaa karibu yangu, nilijua kwamba nisipouliza pale sitauliza tena. Sikumtaja shemeji wala minyaa. Nilimwambia nyumbani wanamwulizia. Nikamwambia watu wanataka kujua.

Alikausha miguu kwa upindo wa blanketi langu, kidole kwa kidole, kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa mdogo. Kisha akasema, "Nitakuja kutembea, mama. Mwakani, Mungu akijalia. Tutakuja wote wawili."

Safari hii hakukosea neno. Alilitumia kama nilivyomfundisha. Kutembea ni kwenda kwa mtu, na mtu haendi kutembea kwake. Nikasema karibuni sana, kwa sababu ndivyo anavyojibiwa anayesema atakuja kutembea, na nikaomba chai.

Niliporudi, shemeji alinipokea stendi ya Ngara. Aliuliza habari za kule, nikamweleza barabara, kondoo, kidole kimoja. Akasubiri. Nikamwambia, amesema atakuja kutembea. Shemeji aliitikia kwa kichwa, akauchukua mfuko wangu mkubwa akaufunga kwenye pikipiki ya bodaboda, na hakuniuliza neno jingine mpaka leo.

Walikuja kweli, mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipoanza. Nilifunga mgahawa nikaenda Ngara kuwasubiri nyumbani. Na kwa kuwa alisema anakuja kutembea, nilimpokea hivyo. Nilitoa sahani za kabatini. Nilitandika shuka mpya. Nilichinja jogoo, na alipoingia jikoni kunisaidia nikamrudisha sebuleni akakae na mumewe. Akataka kwenda kuteka maji, nikamwambia mgeni hateki maji. Sikuwa nikimkomoa. Au labda nilikuwa nikimkomoa kidogo. Jioni nilimwona ameketi kwenye kochi chini ya picha ya baba yake, mikono mapajani, soda mbele yake haijaguswa, na nilijisikia vibaya lakini sikujua namna ya kuliacha.

Mumewe siku ya pili akapanda vilima peke yake. Majirani walimwuliza anakwenda kwa nani, na kwa kuwa hakuwa na jibu, wakaja kwangu kuuliza kama mzungu wetu amepoteza mbuzi. Nikawaambia amekwenda kwa mti. Shemeji akamfuata kwa nyuma ili asipotee.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka nikakuta mlango wa nyuma uko wazi. Nilidhani amekwenda chooni. Nikawasha moto, nikabandika maji, hakurudi. Nikatoka. Jembe langu halikuwepo pale linapoegemezwa ukutani.

Nilimkuta kwenye kile kipande, ndani ya minyaa. Amefunga kanga kiunoni juu ya suruali yake, peku, analima. Udongo ulikuwa umelowa usiku, mwepesi, lakini mikono yake ilikuwa imeshasahau, analishika jembe karibu na chuma kama mtoto, na kila akilishusha anakunja uso. Malengelenge yalikuwa yameshatoka. Mistari yake ilikuwa imepinda. Nilisimama nyuma ya migomba nikamtazama, na machozi yakanitoka, nikayaacha.

Aliponiona hakusimama. Alipiga majembe mengine mawili au matatu, kisha akaliegemea, akihema, uso umejaa jasho na udongo.

"Mama," akasema, "mimi sirudi. Sirudi kuishi. Mwambie baba mdogo wagawane."

Lile nililolivukia bahari kulisikia, akanipa pale, bila mapambo. Lilinichoma. Lakini sikuwa tena na mgeni mbele yangu. Mgeni hawezi kukuchoma hivyo.

Nilikwenda mpaka alipo, nikamsogeza mkono wake wa nyuma kwenye mpini mahali unapostahili kukaa.

"Najua," nikamwambia. "Maliza kwanza huu mstari."